Hatari za Ofisini Zinazomfuata Mama Hadi Nyumbani

Leo nataka kuzungumza na mama anayetoka asubuhi kwenda ofisini, na pia na yule anayebaki na mtoto wake: nyanya, shangazi, yaya au dada mkubwa. Pengine utasema, mimi niko nyumbani na kikaango changu, ofisi yanihusu nini? Usifunge redio. Utaona inakuhusu wapi.

Tukisikia "hatari za kazini", hapa Mombasa mawazo yetu huenda moja kwa moja Kilindini, kwenye makontena na winchi, au kwa vijana wa mjengo. Ofisi hatuifikirii. Ofisini kuna kiti, meza na feni. Mwenye kazi ya ofisini twamwambia amepata kazi ya kivulini, ashukuru. Na kwa kweli ashukuru. Lakini kivuli nacho kina yake.

Chukua ofisi kama zile tunazozijua hapa Kuze. Chini kuna duka. Juu kuna ofisi ya kliaringi, au ya wakili, au ya chama cha kusaidia vijana. Nyumba yenyewe ni ya kale, kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imelala juu ya boriti za mikoko. Nyumba kama hizo zilijengwa ili watu waishi: baba, mama, watoto na wageni wao. Hakuna aliyezijenga kwa ajili ya makarani kumi, kompyuta kumi, mashine ya fotokopi, esi mbili na makabati ya mafaili ya miaka ishirini. Na kwa kuwa Mji wa Kale umehifadhiwa kisheria tangu 1990, mtu hawezi kuamka tu akabomoa ukuta au kubadilisha ngazi apendavyo. Basi kazi mpya imeingizwa katika nyumba ya zamani, na hapo katikati ndipo hatari zinapojificha.

Sasa, kuna jambo liitwalo tathmini ya hatari. Jina ni kubwa, lakini wewe mama umeshaifanya mara nyingi. Kumbuka mtoto wako alipoanza kutambaa. Ulipiga magoti, ukatazama nyumba kutoka chini kama anavyoiona yeye. Ukaona kisu kwenye stuli, chupa ya mafuta ya taa nyuma ya mlango, ndoo ya maji imeachwa wazi. Kisu kilikuwa pale siku zote. Kilipokuwa nyumba ya watu wazima peke yao, hakikukushughulisha. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu mdogo sakafuni. Ukakihamisha. Tathmini ya hatari ni hiyo tu: kuna kitu gani hapa kinachoweza kudhuru, kinaweza kumdhuru nani, kwa njia gani, uwezekano wake ni mkubwa kiasi gani, na tufanye nini kabla halijatokea. Ofisini unaongeza jambo moja tu, nalo ni kuandika.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aifanye tathmini hiyo, na ofisi pia ni mahali pa kazi. Tatizo ni namna inavyofanywa. Nimewahi kuonyeshwa fomu iliyojazwa vizuri, ina mhuri na sahihi, imeandikwa kwamba "kreni hukaguliwa kila mwezi". Ofisi yenyewe iko juu ya duka la vitenge. Kreni itakaa wapi? Fomu ilinakiliwa kutoka kwa watu wengine, na ngazi ambayo kila mtu alishateleza hapo haikutajwa hata kwa mstari mmoja. Kwa hivyo bosi ana wajibu, lakini anayejua ni yule anayeketi pale saa nane kila siku. Nawe ni miongoni mwao. Shika daftari, tutembee pamoja.

Anza mlangoni, usianze na meza yako. Ngazi za nyumba zetu za kale ni nyembamba, zimesimama, na mara nyingi zina giza hata saa sita za mchana. Vipandio havilingani: kimoja kirefu, kingine kifupi, na mguu huzoea kipimo cha kile cha kwanza. Sasa mtazame mama anayepanda: buibui limefika chini, mkono mmoja una mkoba, mwingine una chupa ya chai. Akikanyaga upindo, hana mkono wa kujishikia. Tafadhali, mtu asiniambie kosa ni la buibui. Buibui limekuwepo na ngazi imekuwepo. Kinachokosekana ni taa, na kitu cha kushikia. Taa moja inayowaka mchana kutwa na kamba nene au bomba lililofungwa ukutani ni gharama ya fundi wa siku moja. Na kingo za vipandio zipakwe rangi nyeupe, mguu uone mwisho wake.

Juu ya ngazi hiyo hiyo hupandishwa maji. Ule mtungi wa maji ya kunywa una lita 20, ndiyo kusema kilo 20, bila kuhesabu plastiki yenyewe. Nani huupandisha? Kama tarishi hayupo, huupandisha yeyote mwenye kiu, hata mwenye mimba ya miezi sita. Hili liandike. Mitungi midogo ya lita 5 hufanya kazi ile ile, na hakuna mgongo unaovunjika.

Ukiingia ndani, tazama sakafu kabla ya kutazama kitu kingine. Rimu moja ya karatasi ya A4 ina uzito wa kama kilo mbili na nusu. Katoni ya rimu tano ni kilo 12 na nusu. Katoni arobaini zikirundikwa pembeni mwa chumba ni nusu tani, na hapo hujagusa makabati ya chuma yaliyojaa mafaili. Uzito wote huo umekaa juu ya boriti ambayo ncha zake zimeingia kwenye ukuta unaonyonya maji ya mvua. Boriti haiozi katikati unapoiona, huoza nchani, ndani ya ukuta. Dalili zake zipo kwa mwenye kutaka kuziona: sakafu imebonyea, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, ufa mpya umetokea juu ya dirisha, kuna unga mwembamba wa mbao chini ya boriti kila asubuhi na mfagizi anaufagia akidhani ni vumbi. Ukiona hizo, sogezeni mizigo kwanza kutoka katikati ya chumba, ya zamani ipelekwe chini, kisha aitwe fundi anayezijua nyumba hizi. Kupiga plasta juu ya ufa ni kuufunika tu macho. Ufa uko pale pale.

Na roshani? Roshani zetu nzuri za mbao zinazopigwa picha na watalii si mahali pa kuegemea kusikiliza simu mpaka zipimwe. Chumvi ya bahari hula misumari na vyuma polepole, na kwa nje mbao huonekana nzima.

Umeme. Hapa nitasema maneno mengi kidogo, kwa sababu ndio unaochoma nyumba. Nyumba iliyowekwa soketi nne zamani hizo za taa na redio, leo inalisha ofisi nzima kwa ekstensheni. Ekstensheni moja imechomekwa kwenye nyingine, nayo kwenye nyingine, kama watoto walioshikana mikono. Mwisho wa mstari kuna birika la kuchemshia maji, ambalo hula umeme mwingi kuliko kompyuta kadhaa. Shika waya kwa nje baada ya birika kuchemka. Ukiwa na joto, umekwisha kukuambia. Plagi iliyobadilika rangi ikawa ya kahawia imekwisha kukuambia. Harufu ya plastiki inayoungua ambayo kila mtu husema "ni jirani" imekwisha kukuambia. Birika na esi zipewe soketi zao ukutani, peke yao. Mvua za masika zinapoanza na ukuta ukalowa, swichi iliyo kwenye ukuta huo isiguswe, na kama inapiga shoti hata kidogo, izimwe kwenye swichi kubwa mpaka fundi wa umeme mwenye leseni aje. Si kijana wa jirani anayejua-jua.

Kwa nini nasisitiza moto? Vichochoro vyetu unavijua. Penye mkokoteni hapapiti pikipiki, na gari la zimamoto halifiki kwenye milango mingi ya Mji wa Kale. Watu huokoka kwa kuwahi kutoka. Basi andika: njia ya kutokea ni ipi? Kama ni ngazi ile ile moja, mbona kuna katoni juu yake? Kama kuna mlango wa pili wa kwenda uani, ufunguo wake uko kwa nani? Ukiambiwa uko kwa bosi na bosi yuko Nairobi, umepata mstari wa kwanza wa daftari lako. Na madirisha yenye vyuma, angalau moja liwe na kitasa kinachofunguka kwa ndani.

Tukitoka kwenye moto tuje kwenye moshi, na hasa kitu kisicho na moshi. Makaa yanapowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Jenereta nayo huitoa kwa wingi zaidi. Umeme unapopotea, ofisi nyingine huwasha jenereta ndogo kwenye ukumbi au chini ya ngazi, ili isiibwe, na milango ikafungwa ili kelele isiingie. Nyingine zina jiko la makaa kwenye kichumba cha nyuma, la chai. Na sisi watu wa pwani tuna chetezo: asubuhi ofisi hufukizwa udi, jambo zuri la kupendeza, kisha madirisha yakafungwa kwa ajili ya esi na kaa likabaki linawaka kwenye kona. Chetezo kidogo katika chumba chenye madirisha wazi hakina neno kubwa. Katika chumba kilichofungwa ni jambo jingine, na jenereta ndani ya nyumba haina mjadala kabisa.

Dalili za gesi hiyo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Sasa fikiria mama mjamzito anayekuja kliniki na dalili hizo. Tutamwambia nini? Tutamwambia ni mimba. Pengine tutampima malaria. Swali moja litamtambulisha: je, ukitoka nje ya ofisi, kichwa hupoa? Na wenzako chumbani wanaumwa kichwa vilevile? Mimba haiambukizi, akina mama. Watu watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa saa moja, tafuteni jenereta iko wapi. Gesi hii humuumiza mtoto aliye tumboni kuliko mama mwenyewe, kwa sababu damu yake huishika kwa nguvu zaidi na huchelewa kuiachia. Kitambaa puani hakiizuii. Dawa ni jenereta kukaa nje ya nyumba, mbali na madirisha, ikafungwa mnyororo kama mnaogopa wezi.

Kuna mtu mmoja ambaye daftari nyingi humsahau. Anakuja alfajiri kabla yenu na mkiingia ameshaondoka. Ni mfagizi. Mara nyingi ni mama mwenye watoto wadogo, na yeye ndiye anayeshika vitu vikali kuliko nyote. Akitaka choo king'ae, huchukua dawa ya kung'arisha nguo, ile tunayoiita jiki, akaichanganya na dawa ya asidi ya kusafishia choo. Anadhani mbili zina nguvu kuliko moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma macho, koo na mapafu, katika choo kisicho na dirisha. Asichanganye kamwe. Apewe glavu, aambiwe kwa lugha anayoielewa, na dawa zibaki katika chupa zake zenye maandishi. Dawa ikimiminwa kwenye chupa ya soda, siku moja mtu atainywa.

Na mtu huyo huwa ni mtoto. Shule zikifungwa, au chuoni wakitoka mapema, mama hana pa kumwacha mwanawe, hivyo humleta ofisini. Simlaumu, wengi tumefanya. Lakini kama watoto huja, basi ofisi yenu ni mahali pa watoto pia, na daftari lazima lijue hivyo. Sumu ya panya iko wapi? Roshani ina nafasi gani kati ya mbao na mbao, kichwa cha mtoto wa miaka mitatu hakipiti? Waya wa birika unaning'inia? Piga magoti, tazama kutoka chini, kama ulivyofanya nyumbani.

Nikiwa bado kwa mtoto, kuna hatari ambayo haiji ofisini na mtoto, bali hutoka ofisini ikamfuata nyumbani. Nitawapa kisa cha kweli, tena cha hapa hapa Mombasa.

Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, kule Owino Uhuru, upande wa Mikindani. Hakuajiriwa kushika betri. Kazi yake ilikuwa ya ofisini, ya kuhusiana na jamii, na moja ya kazi za mwanzo alizopewa ni kushughulikia tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira. Aliifanya kwa uaminifu. Ikaonyesha kwamba risasi, madini yale yaliyomo ndani ya betri, ingewadhuru wanaoishi jirani, na akashauri kiwanda kihamishwe. Hakusikilizwa, na kazi hiyo akaondolewa. Muda si mrefu mtoto wake mchanga akaugua. Homa haikuisha, dawa hazikusaidia. Alipopimwa damu, ikaonekana ana sumu ya risasi. Mama hakuwahi kumpeleka kwenye tanuri. Alikuwa akimnyonyesha.

Mnaona? Sumu ilipita kwa mama aliyekaa ofisini. Bibi Omido aliacha kazi, akaanza kuwatetea wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaliondoa agizo hilo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikalirudisha. Hesabu miaka tangu ile ripoti ya kwanza. Ripoti ilisema kweli tangu mwanzo. Iliyokosekana ni kusikilizwa.

Sisi wa Kuze hatuyeyushi betri, lakini risasi si ya betri peke yake. Rangi nyingi za zamani za mafuta, zilizopakwa kwenye milango, madirisha na ngazi, zilitiwa risasi. Inapobambuka, au fundi anapoikwangua ikiwa kavu ili apake mpya, vumbi lake hukaa mezani, kwenye chakula cha mchana, kwenye upindo wa buibui, na jioni humwangukia mtoto anayekukimbilia mlangoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Humharibia ubongo akiwa bado anajengeka, na mtoto huonekana mzito darasani tu. Kwa hivyo rangi kuukuu isikwanguliwe watu wakiwa ofisini, na wajawazito na wanaonyonyesha wakae mbali kabisa siku hizo. Ilowanishwe maji kwanza, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa. Nawe ukifika nyumbani, nawa mikono na ubadili nguo kabla hujampakata. Yaya, mpe mama dakika hizo tano. Mtoto akilia, mshike. Na mama asije akaacha kunyonyesha kwa hofu aliyoipata redioni. Ukiwa na shaka, nenda hospitali, mpimwe damu wewe na mtoto, halafu mshauriwe.

Turudi kwenye daftari. Limejaa sasa, na utasema vyote hivi nitavimaliza lini? Huvimalizi kwa siku moja, ndiyo maana tunapima. Mbele ya kila jambo andika namba mbili. Ya kwanza, uwezekano: 1 ni nadra, 2 huenda, 3 karibu hakika. Ya pili, ukubwa wa madhara: 1 ni mkwaruzo, 2 ni kulazwa au kuvunjika, 3 ni kifo au kilema. Zizidishe. Kiti kinachouma mgongo: uwezekano 3, madhara 1, jumla 3. Ngazi ya giza: 2 mara 3, ni 6. Jenereta chini ya ngazi: 3 mara 3, ni 9. Basi kesho asubuhi unaanza na jenereta, kiti kinangoja. Ofisi nyingi hufanya kinyume, hununua viti vipya kwanza kwa sababu vinaonekana. Siyasemi hayo kudharau mgongo na macho. Inua kioo cha kompyuta kilingane na macho yako, simama kila baada ya nusu saa, yatoshe.

Unapotafuta dawa ya jambo, uliza kwanza kama laweza kuondolewa kabisa. Kama haliwezekani, libadilishwe kwa lenye nafuu, au litengwe na watu. Maonyo ukutani na glavu huja mwisho, kwa sababu hutegemea mtu akumbuke kila siku. Halafu andika jina la atakayelifanya na tarehe. Jambo lisilo na jina la mtu hufanywa na hakuna.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho wala haina harufu, na akina mama huiandika kwa shida. Ni mkubwa wa kazi anayekugusa bila idhini, anayekubakisha ofisini peke yako baada ya Magharibi, anayekuambia kazi yako inategemea ukarimu wako. Hiyo nayo ni hatari ya kazini, nayo ina uwezekano na ina madhara. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza udhalilishaji wa kijinsia, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi juu yake. Andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, uyaweke nyumbani, na umwambie mtu mmoja unayemwamini.

Na kama bosi hataki kusikia habari za daftari? Mpe kwa maandishi, ubaki na nakala. Sheria ile ya 2007 inakuamuru wewe pia, mfanyakazi, umjulishe mkubwa wako unapoona hatari kubwa, na inakuruhusu uondoke mahali penye hatari iliyo karibu kutokea. Haimruhusu mwajiri kukuadhibu kwa sababu umelalamika. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa wafanyakazi. Wakiwa wachache kuliko hapo, kama zilivyo ofisi zetu nyingi, hakuna kamati, lakini wajibu wa mwajiri uko pale pale. Akizidi kukataa, serikali ina idara ya usalama na afya kazini, na Mombasa ina afisi yake. Maafisa wake wana haki ya kuingia na kukagua. Na mwenye kunyonyesha ajue hili: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali na muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, na mahali penyewe pasiwe choo.

Kabla sijaaga, mambo matatu ya dharura, uyabandike ukutani. Mtu akinaswa na umeme, usimshike, zima swichi kubwa kwanza. Mtu akizimia penye jenereta au makaa, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa na umkimbize hospitali, hata akizinduka. Mtoto akinywa dawa au sumu, usimtapishe wala usimpe maziwa au mafuta. Beba mtoto, beba na chupa yenyewe, daktari aione.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya homa ya dengi na maji yanayotuama kwenye madumu. Wassalaam aleikum.